Mlango wa Nta

"Hiki?" akauliza Fundi Msasa. "Au hiki?"

Alikuwa amepanga vibao vinne juu ya meza ya sebuleni, kila kimoja kakipaka kivyake, naye kasimama nyuma ya meza kifua mbele kama mwalimu anayengoja jibu. Nyumba nzima ilikuwa imefumuliwa. Dari mpya, vigae vipya, na milango yote ya ndani ilikuwa imeng'olewa kwenye bawaba zake na kulazwa uani juu ya mabenchi, imekwanguliwa rangi ya zamani hadi mbao zikatoka. Kilichobaki kilikuwa kuamua tu ivalishwe nini.

Bi Deki aliweka kiganja juu ya kibao cha kwanza, akakipitisha polepole hadi mwisho, kisha akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Mama anavipapasa kama daktari," alisema mwanawe, akacheka. "Hicho ndicho cheupe kinachong'aa, Mama. Nyumba zote mpya zinawekwa hicho. Tukipaka milango yote hivyo, korido itawaka."

"Nakisikia," alisema Bi Deki.

"Unakisikia?"

"Nakiona, nimesema. Hebu niache nichague."

Mwanawe alimwachia, maana neno la kuchagua lilikuwa lake mwenyewe. Siku walipoanza ukarabati alisimama mbele ya mkewe na mafundi akatangaza kwamba mama yake amefuta milango ya watu maisha yake yote, basi milango ya nyumba hii atachagua yeye na hakuna wa kumpinga. Lilikuwa tangazo tamu, na mtangazaji mwenyewe alitokwa na machozi kidogo. Sasa lilikuwa limeanza kumkaba, lakini ahadi ni deni.

Na kweli alikuwa amefuta milango ya watu. Jina la Bi Deki alilipata kwenye jengo la ofisi ambako alifagia na kupiga deki tangu mwanawe huyu akiwa mgongoni hadi alipoota ndevu. Alikuwa akifika kabla hakujapambazuka, taa za korido bado zimezimwa, na alilijua jengo lile kwa mikono. Alikuwa akienda moja kwa moja hadi ndani kabisa, kwenye mlango wa mwisho, kisha anarudi kinyumenyume na ndoo yake kuelekea nje, mlango kwa mlango. Wasichana wapya waliokuja kuanza kazi aliwacheka. Deki huanzia ndani, aliwaambia. Ukianzia mlangoni utafungiwa nyuma na maji yako mwenyewe, usubiri yakauke kama kuku aliyenyeshewa.

Mambo hayo aliwasimulia wote. Jambo ambalo hakumsimulia mtu ni kwamba macho yake yalikuwa yanakwenda. Yalianza pembeni, polepole, kama mtu anayefunga mapazia, na sasa palibaki tundu dogo katikati alilotumia kuuangalia ulimwengu. Kwenye mwanga mkali alijimudu. Kwenye korido ya nyumba hii, isiyo na dirisha hata moja, hakuona kitu. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho. "Kilichokwenda, mama, hakirudi," alisema. "Tutalinda kilichobaki." Akampa dawa ya matone, naye akaificha ndani ya kopo la poda, akawa anajitilia asubuhi akiwa amejifungia bafuni.

Sababu ya kuficha ilikuwa imekaa chini ya meza wakati huo, ikizungumza na kiatu cha fundi. Mjukuu wake walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua maneno mawili hakupumzika kuyasema. Baba na mama yake walikwenda kazini kila siku, na mtoto alibaki na bibi. Walikula pamoja, walilala mchana pamoja, walitukana kuku wa jirani pamoja. Bi Deki alijua kabisa siku watakayogundua haoni, ataletwa yaya, kijana mwenye macho yake mawili, na yeye atapewa kiti karibu na dirisha na kuambiwa apumzike. Aliogopa kile kiti kuliko giza lenyewe.

Basi milango. Wazo lilimjia siku waliyoing'oa, alipoingia stoo akidhani ni chumbani kwake. Kama kila mlango ungekuwa na ngozi yake, angeisoma nyumba kwa kiganja na hakuna ambaye angejua.

"Haya ni maji?" aliuliza mkwewe, Mama Chiriku, akinyanyua chupa iliyokuwa kando ya vibao.

"Ole wako, shemeji!" Fundi Msasa aliipokonya. "Hiyo thina, ya kulainishia rangi. Ukinywa hiyo utababuka utumbo."

"Sasa ndiyo unaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa?"

"Dukani wanapima, shemeji, hawakupi chombo. Mafundi wote tunafanya hivyo. Mimi naifunga kwa nguvu zangu zote, na inakaa stoo na vifaa vyangu." Akageuka. "Enhe, Bi mkubwa. Tumeamua?"

"Nataka vyote vinne," alisema Bi Deki.

Hata Chiriku alitoka chini ya meza kutazama.

"Kila mlango na wake?" Fundi Msasa alijikuna shingo. "Bi mkubwa, mimi nimepaka milango hadi ya mahakama. Sijapata kuona korido ambayo milango yake haijuani."

"Mama, watu watadhani tumeiokota," alisema mwanawe.

"Watu hawalali humu."

"Lakini kwa nini?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. "Nimefuta milango inayofanana miaka yote hiyo," alisema. "Nimeichoka. Au na hilo mpaka nipige magoti?"

Mkwewe, ambaye kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya mama na mwana, alisema taratibu, "Baba Chiriku, wewe ndiye uliyesema achague Mama." Ikawa basi.

Fundi alitoa penseli sikioni. "Haya, upi unavaa nini? Ili niandike kwenye kichwa cha kila mlango."

Bi Deki alikuwa amelikariri jambo hili kitandani hadi likamtoka kama sala. Hakutaka kutaja vyumba. Angesema "changu" wangeuliza kwa nini chake kiwe tofauti. Kwa hiyo alisema haraka, kama mtoto anayeogopa kusahau: "Wa kwanza, vanishi. Wa pili, upake nta tu, mistari ya mbao ibaki. Wa tatu, hii rangi kavu isiyong'aa. Wa nne, nyeupe inayong'aa."

Fundi aliandika. Mwanawe akapumua kwa sauti. Bi Deki alimchukua Chiriku, akatoka naye uani kwenye mwanga, akaegemea benchi.

Siku zilizofuata nyumba ilinuka vanishi kutoka sebuleni hadi jikoni. Fundi Msasa alipaka, akapiga msasa, akapaka tena, huku akiimba vibaya. Bi Deki alihesabu siku kwa hofu. Asubuhi moja alimwaga chai pembeni ya kikombe mbele ya mwanawe, akasingizia mpini. Siku nyingine alimpitia jirani mlangoni bila kumsalimu, na jirani akaenda kulalamika kwamba siku hizi mama mkwe ana maringo kwa sababu ya vigae. Mkwewe alilisimulia hilo akicheka. Bi Deki akacheka naye, ila alisikia kuwa yule binti alipomaliza kucheka hakuondoka mara moja.

Milango ilirudishwa kwenye bawaba zake siku ya kazi, wenye nyumba hawapo. Hadi mchana yote minne ilikuwa imesimama mahali pake.

"Bi mkubwa, msiiguse kwanza," Fundi Msasa alionya akijifuta mikono. "Mkono wa mwisho wa rangi haujakauka. Ule wa nta peke yake ndio unaogusika. Nakwenda dukani mara moja, nimepungukiwa skrubu za vitasa. Huu wa hapa mwanzo nimeuacha wazi upigwe upepo."

Akaondoka. Nyumba ikabaki na Bi Deki, Chiriku, na sufuria ya uji jikoni. Kiganja kilimwasha, alitamani kwenda kuisalimia milango yake, lakini alikuwa mtu wa kutii rangi mbichi. Alikwisha kuwagombeza mameneja wazima kwa jambo hilo.

Tatizo lilikuwa Chiriku. Mtoto yule na rangi mbichi walipendana. "Mango! Mango!" alipiga kelele akiikimbilia milango koridoni, na uji nao ukaanza kuchemka na kutishia kumwagika. Bi Deki alimkamata mkono. Ampeleke chumbani kwao, walikolala bibi na mjukuu, kwenye midoli yake, afunge mlango kwa dakika chache, akaepue uji, arudi. Aliingia koridoni, mtoto mkono mmoja, mkono mwingine ukipapasa ukuta.

Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi. Ule ndio mlango uliopigwa upepo, wa bafu. Akapita. Kidole kikafika kwenye fremu ya pili, akakisogeza kwa uangalifu, asije akaharibu rangi ya mtu, na kidole kikakutana na mistari ya mbao, mikavu, yenye ulaini wa mafuta. Nta. Moyo wake uliruka kwa furaha. Miguu ilimwambia ni mapema mno, kwamba chumba chao ni hatua kadhaa mbele, lakini mbao zilisema ni hapa, na yeye alikuwa amegombana na nyumba nzima ili aweze kuziamini mbao.

"Ingia ucheze. Bibi anakuja sasa hivi." Akamsukuma mtoto taratibu ndani, akaufunga mlango, akakimbilia jikoni kwa jinsi alivyoweza.

Aliepua uji, akazima moto, akafuta uliomwagika. Ndipo alipogundua kuwa hasikii kitu. Chiriku alikuwa akiongea hata usingizini. Akarudi koridoni mkono ukutani, akapapasa hadi mistari ya mbao, akafungua.

"Unafanya nini, mama?"

"Maji," ilisema sauti ndogo kutoka chini, ikihema kwa juhudi. "Bibi, fungua. Maji."

Chupa ikasukumwa mkononi mwake. Ilikuwa chupa ya maji ya kawaida, nyepesi, yenye mikunjo anayoijua, na Chiriku alikuwa na yake ya namna hiyo kando ya kitanda. Bi Deki aliinama, akashika kifuniko. Kilikuwa kigumu. Nani kakifunga hivi, aliwaza, akaukaza mkono wake wa kukamulia matambara, na kifuniko kikalia, kikaachia.

"Haya, fungua mdomo."

Nyumba nzima ilikuwa ikinuka kwa hiyo pua yake ilikwisha kuzoea. Lakini harufu iliyopanda kutoka kwenye shingo ya chupa haikuwa ya nyumba. Ilimpiga machoni, kwenye hayo macho yasiyofaa kitu, ikayatoa machozi. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshika kidevu cha mtoto. Alihisi mdomo mdogo ulio wazi, pumzi yake ya joto kwenye vidole.

Alirusha chupa. Alisikia ikigonga makopo, makopo yakaanguka, na hapo ndipo alipojua yuko wapi. Alimnyanyua Chiriku akamtoa hadi uani kwenye jua, akamnusa mdomo, akamnusa mikono, akamnusa tena mdomo. Uji wa asubuhi. Uji tu. Mtoto alilia kwa kunyang'anywa maji, naye Bi Deki akakaa chini akalia pamoja naye, kwa sauti, kama aliyefiwa.

Fundi Msasa aliwakuta hapo, ameshika mfuko wa skrubu.

"Vipi tena? Mtoto kaanguka?"

"Ule mlango wa nta," alisema Bi Deki. "Umeuweka stoo."

"Si ndivyo ulivyosema? Wa pili, nta." Akahesabu kwa vidole, kama anayeelekea ndani kutoka sebuleni. "Wa kwanza, bafu, vanishi. Wa pili, stoo, nta. Wa tatu, chumba chako, rangi kavu. Wa nne, wa mwanao, nyeupe. Penseli bado iko kwenye milango, haijafutika."

Bi Deki alifumba macho. Wa kwanza. Kwake yeye wa kwanza ulikuwa ule wa ndani kabisa, mahali ndoo inapoanzia, na katika maisha yake yote hakupata kufikiri kwamba kuna mtu anayehesabu milango kuanzia nje. Yeye ndiye aliyekosea. Ngozi zote alizichagua mwenyewe, na zote zilikuwa zimevaliwa kinyume.

"Mbona si kitu, Bi mkubwa," Fundi alisema kwa upole, akidhani analilia milango. "Yote ni saizi moja. Ni skrubu tu. Kesho asubuhi naibadilisha, kila mmoja unakaa unapotaka. Hata wenyewe hawatajua."

Hata wenyewe hawatajua. Maneno hayo alibaki nayo mchana kutwa. Chupa aliiokota, akaimwaga thina iliyobaki kwenye shimo la taka. Stoo akaipiga deki, kuanzia ndani. Hakukuwa na alama, na shahidi pekee alikuwa na umri wa kusema mango badala ya mlango. Kesho mlango wa nta ungekuwa mahali pake, na kiganja chake kisingedanganyika tena. Akajiambia hivyo mara nyingi. Lakini kila alipojiambia, vidole vyake vilikikumbuka kile kidevu.

Mwanawe alirudi jioni na furaha zake. Aliwasha taa ya korido akawa anakwenda na kurudi. "Nasema kweli, Mama, si mibaya. Nilikuwa nimejiandaa kuaibika. Sasa fundi ananiambia njiani eti unataka ihamishwe? Iko vizuri hivi hivi! Kwa nini ihamishwe?"

Mkwewe alikuwa amekaa kwenye kochi, Chiriku kalala kifuani kwake. Bi Deki aliijua sehemu waliyokaa kwa pumzi ya mtoto. Akapiga moyo konde.

"Kwa sababu sioni, mwanangu."

"Huoni nini?"

"Sioni. Macho yamekwenda. Nilitaka milango niijue kwa mkono." Na kabla hajapata nafasi ya kuogopa, akawaeleza na mengine: stoo, chupa, kifuniko, mdomo ulio wazi. Hakuruka kitu. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi.

Alipomaliza, mwanawe alikuwa amesimama. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya vigae."

"Na siku zote hizo unabaki na mtoto! Mama! Siku zote hizo tunatoka humu tunakwenda kazini tunacheka, kumbe—" Sauti ilimkatika. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu iliyovaa nguo za hasira, na Bi Deki aliitambua kwa sababu alimzaa. "Nitatafuta yaya. Kesho."

"Mtafute," alisema Bi Deki.

Mlango wa nje ukafungwa. Mwanawe alikuwa ametoka kwenda kutembea. Bi Deki alimsikia mkwewe akimwinamia mtoto na kumnusa mdomo, kwa muda mrefu, kama alivyofanya yeye uani. Kisha alinyanyuka, akampeleka Chiriku kulala. Siyo kwenye kitanda cha bibi. Kwenye chao.

Chumba kilikuwa kipana mno bila mtoto. Bi Deki alijitilia dawa yake kitandani, bila kujificha, nusu ikamwagikia shavuni.

Asubuhi alisikia gari la mwanawe likiondoka. Alibaki amekaa kitandani, amekwisha kuvaa, akingoja hatua za mkwewe kuelekea sebuleni, funguo, na mtoto kuchukuliwa kupelekwa kwa mtu mwingine. Hakusikia funguo. Alisikia kiganja kikisuguliwa juu ya mbao koridoni, kikisita, kisha kikisuguliwa tena.

Akatoka, mkono ukutani, hadi ilipoanzia sebule. "Nani?"

"Ni mimi, Mama. Usiwashe taa. Nimefumba macho." Sauti ilitoka mbali, ndani kabisa ya korido. "Huu nilioshika unateleza. Ndio ule mweupe?"

"Ndio. Wa chumba chenu. Kwa sasa."

"Na ulitaka uwe upi?"

"Uwe vanishi."

Kazini mkwewe alikuwa amekwisha kuchelewa, na wote wawili walijua. "Usinisaidie," alisema mkwewe. "Nimeanzia huku ndani. Nataka niihesabu kama unavyoihesabu wewe."

Hatua moja ya kinyumenyume ikasikika, na nyuma yake hatua nyingine ndogo, ya miguu mitupu, na sauti ikisema mango. Kiganja kikaacha rangi, kikapita ukutani, kikapotea njia, kikagonga fremu. Mkwewe akaguna kwa maumivu. Akaendelea.

Bi Deki alisimama pale korido inapoishia, mikono ameinyoosha mbele kidogo, akiwasikiliza wakija.